Gari Linalogoma Alfajiri

Kabla Birere, mtaa wa Goma, haijajaa watu, kabla chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, hazijaanza kushindania njia na wabeba mizigo wanaoelekea mpakani, husikika sauti ya injini inayozungushwa na kukataa kuwaka. Dereva hungoja kidogo, hujaribu tena, halafu hushuka na kuita vijana wasukume. Ukimuuliza gari lina nini, jibu ni moja: baridi. Sura hii inapingana na jibu hilo. Limewagharimu watu wengi fedha walizozipata kwa jasho, na limewafanya wanunue betri, stata na hata injini nzima ambazo hawakuzihitaji.

Tuanze na baridi yenyewe. Goma iko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, kando ya Ziwa Kivu, na maji ya ziwa huzuia usiku wa mji usipoe kupita kiasi. Asubuhi ya kawaida joto huwa nyuzi 14 au 15 hivi, na wakati wa kiangazi, Juni hadi Agosti, anga likiwa wazi usiku kucha, hushuka kidogo zaidi. Ukipanda kuelekea Kibumba, ambako mboga nyingi za mji hutoka, au kwenye milima ya Masisi yenye viazi na jibini, utahitaji koti zito. Lakini linganisha na Minneapolis, Marekani, walikohamia Wasomali na Wakenya wengi. Huko mwezi wa Januari joto huweza kushuka nyuzi 20 chini ya sifuri na kuendelea. Dizeli isiyotengenezwa kwa majira hayo hutoa nta na kuziba filta, na watu huchomeka injini zao kwenye umeme usiku kucha ili zisipoe. Toyota nyingi zinazouzwa Goma zilitumika kwanza Japani, nchi yenye majira ya theluji. Injini iliyoundwa kuwaka kwenye theluji haina sababu ya kushindwa na nyuzi 14 ikiwa bado ni nzima.

Baridi ya Goma inafanya kazi ya mlima kwa mgonjwa: akitembea tambarare hakuna anayemgundua, akianza kupanda pumzi inamsaliti. Ndiyo maana gari hilohilo huwaka vizuri saa sita mchana. Ugonjwa haukuondoka, ila mlima umekwisha.

Mambo matatu hutokea injini ikilala usiku. Betri hupungukiwa nguvu, kwa sababu kazi ya asidi na risasi ndani yake hupungua kasi kadiri joto linavyoshuka. Oili huwa nzito, kwa hiyo stata hulazimika kuvuta umeme mwingi zaidi kuizungusha injini wakati uleule betri ina kidogo cha kutoa. Na hewa inayoingia kwenye silinda huanza ikiwa baridi. Katika injini ya esanse, yaani petroli, jambo hili la tatu hutatuliwa na cheche za plagi pamoja na mafuta kidogo ya ziada. Katika injini ya mazutu, yaani dizeli, kama zilivyo za Land Cruiser, Hilux na Fuso nyingi zinazopita Birere, ndilo jambo lenye uzito wote.

Rudolf Diesel alipofanikisha injini yake mjini Augsburg, Ujerumani, mwaka 1897, alikuwa ameondoa cheche kabisa. Hewa hubanwa mpaka yenyewe inakuwa moto, mafuta yakirushwa ndani yanawaka. Injini ya 1HZ ya Land Cruiser, ambayo barabara za Kivu ya Kaskazini zinaijua vizuri, hubana hewa zaidi ya mara 22. Mazutu huhitaji joto la zaidi ya nyuzi 200 ili yawake bila cheche, na hewa iliyobanwa kiasi hicho hupita kiwango hicho kwa mbali. Lakini joto hilo lina sharti: pistoni ipande haraka. Ikipanda polepole, hewa huvuja pembeni mwa ringi na joto lake hunyonywa na kuta baridi za silinda. Tena kila nyuzi 10 zinazopungua mwanzoni hupunguza nyuzi 20 hadi 30 mwishoni mwa kubanwa. Ongeza na urefu wa Goma: hapa hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa au Dar es Salaam kwa karibu sehemu moja ya sita, kwa hiyo kinachobanwa ni kidogo tangu mwanzo. Injini yenye ringi nzuri na stata yenye kasi hulipa gharama hizo bila shida. Injini iliyochoka hukosa kidogo tu, na hicho kidogo ndicho kinachokufanya utafute vijana wa kusukuma.

Fundi mzuri wa Birere haanzi kwa kufungua kitu. Anauliza: "Papa, injini iko inazunguka ao haizunguke?" Katika swali hilo imo nusu ya kazi yote, kwa maana gari lisilozunguka na gari linalozunguka bila kuwaka ni wagonjwa wawili tofauti. Wenye gari wengi hujibu tu "haiwake", na hapo ndipo fedha zinapoanza kupotea.

Kama halizunguki, sikiliza. Mlio wa haraka, ta-ta-ta-ta, huku taa za dashibodi zikififia, ni umeme hautoshi: betri imekwisha au njia ya umeme imeziba. Mlio mmoja mzito, "ko", taa zikabaki na mwanga wake, kisha ukijaribu mara ya tano au ya sita injini inashika ghafla, mara nyingi ni vipande viwili vya shaba ndani ya stata, ile wanayoiita demarere. Katika stata za Denso zinazofungwa kwenye Toyota, vipande hivyo huliwa na umeme miaka nenda miaka rudi mpaka havigusani sawasawa. Hubadilishwa vyenyewe, kwa bei ndogo sana ikilinganishwa na stata nzima. Nimeona watu wakiuziwa stata ya mtumba yenye shaba zilizolika kuliko zile walizokuwa nazo, na jambo hilo huniuma, kwa kuwa fundi angefungua boliti chache tu akaziona kwa macho yake. Na mzunguko mzito, unaojivuta, unaokaribia kusimama, huturudisha kwenye betri na nyaya zake.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu magari mengi yanayolaumiwa kwa baridi huishia hapa.

Mita ndogo ya umeme ni chombo cha bei nafuu ambacho kila mwenye gari angepaswa kuwa nacho. Asubuhi, kabla ya kufungua mlango na kuwasha taa, weka ncha zake kwenye vichwa viwili vya betri. Volti 12.6 ni betri iliyojaa. 12.4 imepungua, lakini bado ina nguvu. 12.2 imebaki nusu. Chini ya 12 haina kitu cha kukupa. Namba hiyo peke yake haitoshi, kwani betri iliyooza ndani inaweza kuonyesha 12.6 ikiwa imetulia. Sasa mwambie mwenzako azungushe injini huku ukitazama mita. Ikishuka mpaka 10 au 10.5 na kusimama hapo, betri inafanya kazi. Ikianguka hadi 9 au 8, betri imechoka, au stata inavuta kuliko kiasi. Injini ikishawaka, namba ipande kati ya 13.8 na 14.5. Isipopanda, altaneta haichaji, na betri mpya utakayoinunua leo itakuwa imekufa kabla ya Jumapili.

Lakini jambo ambalo ningependa kila dereva wa Goma alijue ni hili. Pima pia kati ya kichwa chenyewe cha betri, ile risasi, na kishikio cha waya kilichokikumbatia. Vimegusana, kwa hiyo mita inapaswa kuonyesha karibu sifuri hata wakati stata inazunguka. Ikionyesha nusu volti au zaidi, umeme unapotea hapo hapo, katika upana wa unywele. Fungua kishikio uone: unga mweupe au wa kijani, na chini yake risasi nyeusi iliyopoteza mng'ao. Stata ya dizeli huvuta amperi mamia, na kizuizi kidogo ambacho taa na redio hazikitambui kabisa kinatosha kuilemaza. Unga huo hutokana na mvuke wa asidi ya betri yenyewe. Mimina maji ya moto yenye magadi kidogo, sugua kwa msasa mpaka risasi ing'ae, kaza, pakaa vazelini. Fanya vivyo hivyo upande wa pili wa waya wa hasi, pale unapofungwa kwenye bodi na kwenye injini. Sehemu hiyo husahaulika kwa sababu iko chini, imejaa oili na vumbi, na barabara za mawe ya lava zimeitikisa kwa miaka. Birere imejengwa upya juu ya lava ya volkano ya Nyiragongo iliyokatiza mji tarehe 17 Januari 2002 mpaka ziwani, na gari linaloishi juu ya mawe hayo hulegea boliti zake zote, ikiwemo hiyo.

Betri nyingi hufa kwa kukaa. Mapigano yalipoingia Goma mwishoni mwa Januari 2025, watu walijifungia ndani kwa siku kadhaa, na gari lililosimama uani likiwa na kengele ya wizi hunywa umeme wake polepole. Betri ikiachwa tupu kwa majuma, chumvi ya risasi hugandia kwenye sahani zake, na hata ukiichajisha haitarudi ilivyokuwa. Ukijua gari litakaa, fungua waya wa hasi. Kazi ya dakika moja.

Sasa gari la pili, lile linalozunguka kwa nguvu zote bila kuwaka. Kama ni la mazutu, usitazame injini. Nenda nyuma ukatazame bomba la moshi wakati mwenzako anazungusha. Moshi mweupe wenye harufu kali ya mazutu mabichi unasema mafuta yanafika ndani ya silinda, yanarushwa, lakini hakuna joto la kuyawasha. Kama hakuna moshi hata kidogo, mafuta hayafiki. Jambo hili halihitaji mita wala kompyuta, na linagawa uchunguzi wote mara mbili. Fundi anayeanza kufungua pampu ya nozeli bila kwenda kutazama bomba, mimi simwamini.

Moshi mweupe kwanza. Injini za zamani za Toyota, 2L, 3L, 5L na 1HZ, zina kichumba kidogo kando ya silinda ambamo mafuta huanza kuwaka. Kuta za kichumba hicho hunyonya joto sana asubuhi, ndiyo maana kila silinda imepewa buji ya kupashia moto, ambayo mafundi wa Kenya na Tanzania huiita hita. Taa yake ni ile yenye alama ya waya uliojikunja kwenye dashibodi. Wapo madereva wanaogeuza ufunguo moja kwa moja bila kungoja taa hiyo izime, halafu wanasema gari halipendi baridi. Na wapo waliongoja kwa uaminifu, ila buji zenyewe zilikufa zamani, kwa kuwa katika magari hayo taa huongozwa na saa yake na haijui kama buji zinapata moto.

Kuzipima ni rahisi. Fungua ule ukanda wa chuma unaounganisha vichwa vya buji zote. Chukua balbu ndogo ya gari yenye nyaya mbili, ncha moja ishike chanya ya betri, ya pili igusishe kichwa cha buji, moja baada ya nyingine. Balbu ikiwaka, waya wa ndani wa buji hiyo ni mzima. Isipowaka, umekatika. Gari la silinda nne likiwa na buji moja mbovu, huwaka likitetemeka, likatoa moshi mweupe kwa muda mfupi kisha likatulia. Mbili zikifa, ugomvi unaanza. Tatu zikifa, utasukuma. Mwenye gari husimulia ugonjwa uliozidi mwezi hadi mwezi, naye hudhani ni baridi iliyozidi. Kama zote ni nzima, rudisha ukanda, geuza ufunguo, pima kama umeme unafika kwenye ukanda huo. Usipofika, tafuta rilei na fyuzi yake. Ukienda kununua buji mpya, soma volti iliyoandikwa kwenye mwili wake. Zipo za volti 6, zipo za volti 11 na nyinginezo, na zote hufanana machoni. Ya volti ndogo ukiifunga kwenye mfumo wa kubwa huungua, na kipande chake kinaweza kukatikia ndani ya silinda.

Bomba lisilotoa moshi lina habari nyingine. Mara nyingi ni hewa iliyoingia kwenye njia ya mafuta. Usiku mazutu hurudi taratibu kuelekea tangi, na mahali pake hukaa hewa inayopenya kwenye mpira uliopasuka, shingo ya filta, au vijibomba vya kurudishia mafuta juu ya nozeli. Juu ya filta kuna kitufe cha kubonyeza kwa mkono. Kibonyeze kabla ya kuwasha: kikiwa laini na kuzama bila upinzani, kisha kikawa kigumu baada ya kubonyezwa mara nyingi, na gari likawaka papo hapo, umeupata ugonjwa. Uthibitisho ni kuegesha gari kwenye mteremko. Usiku mmoja pua ielekee juu, usiku mwingine ielekee chini. Likigoma pua ikiwa juu na kuwaka vizuri pua ikiwa chini, hakuna buji itakayolitibu.

Maji katika mafuta ni ya haraka kueleza. Kadhafi, wale wauzaji wa esanse na mazutu kwa bidoni kando ya barabara, wameokoa safari nyingi, na sitawasema vibaya. Lakini bidoni iliyokaa mvuani si tangi la kituo. Chini ya filta ya mazutu kuna skrubu. Ilegeze, mafuta yatiririke kwenye chupa angavu, subiri. Maji hukaa chini na mazutu juu.

Kwa magari ya esanse, RAV4, Noah na jamaa zao, kagua kwanza plagi na nafasi ya ncha zake. Kisha shuku sensa ya joto la maji ya injini. Kazi yake ni kuiambia kompyuta kama injini ni baridi. Ikiharibika na kusema injini tayari ina moto, kompyuta hunyima mafuta ya ziada ya asubuhi, na gari hukataa kuwaka alfajiri huku mchana likienda bila kosa. Kuna pia pampu ya mafuta iliyochoka isiyohifadhi msukumo usiku. Geuza ufunguo hadi taa ziwake, subiri sekunde mbili, rudisha, rudia mara mbili, ndipo uwashe. Likiwaka kwa njia hiyo na kukataa kwa njia nyingine, mafuta yanachelewa kufika.

Mwisho kabisa, baada ya hayo yote, ndipo neno kompresheni, yaani nguvu ya silinda kubana hewa, litajwe. Mafundi wengine hulitaja kwanza, kwa kuwa kufungua injini kunalipa. Injini ikiwa inaunguruma, fungua kifuniko cha kujazia oili. Moshi ukitoka hapo kwa mapigo yenye nguvu, ringi zinavuja. Hata hivyo dai upimaji wa mita ya kompresheni kwa kila silinda, na namba ziandikwe kwenye karatasi.

Kuna njia mbili za kulazimisha gari liwake ambazo naomba zikomeshwe. Ya kwanza ni kuwasha moto au jiko la makaa chini ya sampu ili oili ilainike. Chini ya gari kuna mabomba ya mafuta yanayoweza kuvuja, na juu yake mara nyingi wapo watu na mizigo. Ya pili ni kupulizia etha, au kuweka kitambaa chenye esanse, mdomoni mwa kichujio cha hewa cha injini ya mazutu. Etha huwaka kabla pistoni haijafika mahali pake na kuipiga ikiwa bado inapanda. Ikikutana na buji nyekundu ya moto hulipuka kwenye njia ya hewa. Ringi na pistoni huvunjika hivyo, na gari lililokuwa na buji mbili mbovu sasa linahitaji injini.

Jambo la mwisho linahusu siku ya kwenda kwa fundi. Wengi husukuma gari nyumbani, likishawaka huliendesha hadi gereji, na fundi anapogeuza ufunguo linawaka mara moja. Anaanza kubahatisha, na wewe unalipia bahati yake. Mwachie gari jioni lilale kwake, au mlete yeye nyumbani kwako alfajiri, kwani ugonjwa wa injini baridi haupimiki kwenye injini iliyokwisha kupata moto. Mweleze kama linazunguka au halizunguki, moshi una rangi gani, na liliegeshwa limeelekea wapi. Na kabla hujatoa pesa ya kipuri chochote, mwombe akuonyeshe namba kwenye mita.